Mafuta ya Diwali ya Kwanza

Shamba la Chai la Kuruvimalai
Bandarawela
9 Februari 2003

Dada Pakkiyam mpenzi,

Nimeolewa! Najua unajua, kadi nilikutumia, lakini acha niandike tena kwa mkono wangu nione neno lenyewe linavyokaa: nimeolewa. Uzi wa ndoa uko shingoni mwangu sasa hivi, bado unanuka manjano mabichi, na kila nikiinama kupuliza moto unanigusa kidevu kama mtu anayenikumbusha jambo. Kana kwamba naweza kusahau!

Jina lake haliruhusiwi kutoka mdomoni mwangu, unajua kwetu mke halitaji jina la mumewe. Lakini kwenye karatasi nani atanisikia? Nesan. Nesan. Nesan. Ona, nimeliandika mara tatu na hakuna aliyenikemea. Anafanya kazi kiwandani, kule juu wanakotandaza majani yanyauke, na akirudi nyumba nzima inanukia chai. Mimi hulinusa shati lake kabla ya kulifua. Usicheke. Yeye kwa kuwa nilimaliza sekondari ananiita Mwalimu. "Mwalimu, chumvi imezidi, nipe daftari nikusahihishe." Dada, sikujua mtu anaweza kucheka hivi akiwa na njaa.

Na nyumba! Nyumba yako! Tumepewa ya tatu, ile ya mlango wa buluu. Siku ya kuingia tulichemsha maziwa kwenye chungu kipya yakafura yakamwagika upande wa mashariki, dalili ya baraka. Mama mkwe, Mama Muniyamma, alitazama akasema, "Haya, angalau maziwa yanajua adabu." Halafu akanigeukia: "Nyumba ya mcheza filamu hii. Tutalala humu tumevaa miwani ya jua?" Watu walicheka, na mimi nilicheka kuliko wote.

Nikilala katika chumba chenye mlango wa kufunga, nakumbuka chumba chetu kule layini, kwenye ile safu ya vyumba vya wachuma chai: Mama Sellayi, Mungu amrehemu, wewe, mimi niliyeletwa kwenu baada ya kufiwa na wazazi, na yule mbuzi aliyelala mlangoni kama askari. Nakumbuka siku yule mpiga picha alipokuja kutafuta wachuma chai wa kuweka kwenye kalenda. Msimamizi alituamuru tuoge, tukavalishwa sari za kuazima. Wewe ukatokea bombani umechelewa, nywele zimelowa mpaka chini ya kiuno, unamfokea mtu aliyechukua ndoo yako. Yule bwana hakutazama mwingine tena. Nywele zile Mama alizozipaka mafuta kila Ijumaa hata siku ambazo mafuta ya kukaangia hayakuwepo! Kwanza kalenda, kisha tangazo la mafuta ya nywele, kisha maonyesho ya sari Colombo, kisha Chennai na filamu. Sasa dunia inakuita Bakya. Na malipo ya filamu ya kwanza hukuyanunulia gari. Ulitujengea sisi. Kampuni haikutaka kutoa ardhi yenye chai, kwa hiyo tuko juu kabisa, pale miti ya zamani ilipong'olewa, na asubuhi tunaona mawingu yakiwa chini yetu kama pamba. Naishi juu ya mawingu na mwanamume ninayempenda!

Ukutani nyuma ya jiko kuna mstari mwembamba kama unywele. Fundi alisema nyumba mpya hujinyoosha, kama mtu anayeamka. Nimetundika kalenda yako hapo hapo, na mstari hauonekani tena. Unatutazama tukipika.

Jambo moja tu. Mama mkwe ameanza kuuliza mapema. "Diwali ya kwanza binti huenda kwao na mumewe. Alfajiri mama yake huwapaka mafuta kichwani, huwaogesha, huwavisha nguo mpya. Wewe kwenu wapi, mwanangu?" Nadhani hakusema kwa ubaya. Nilijifanya moshi umeniingia machoni.

Kwetu ni wewe tu, Dada.

Mdogo wako mwenye furaha kupita kiasi,
Thavamani


Chennai
16 Machi 2003

Mdogo wangu,

Barua yako ilinikuta kwenye kiti cha kupambwa, nikacheka mpaka mpambaji akaniomba nitulie nisiharibu unga. Wananipaka unga mweupe mpaka ndani ya masikio. Nacheza tena binti wa shamba la chai, kama kwenye filamu ya kwanza, na binti wa shamba la chai wa kwenye filamu hatakiwi kuwa na rangi ya binti wa shamba la chai. Kikapu chenyewe wananivalisha mbele, kama mjamzito. Niliwaambia kikapu hubebwa mgongoni. Mkurugenzi akasema mgongoni hakionekani.

Nisamehe harusi. Niliomba ruhusa wakaniambia nikiondoka mkataba umekufa. Unakumbuka Mama alipofariki nilikuwa Colombo. Habari ilinifikia nyuma ya pazia, na zamu yangu ilikuwa imefika. Sari ilikuwa ya rangi ya embe bivu. Nilitembea mpaka mwisho wa jukwaa, nikageuka, nikatabasamu. Picha ile ndiyo iliyonipa filamu. Watu wananiambia nilikuwa na kitu machoni siku ile.

Mwambie mama mkwe wako hivi: kwao Thavamani ni kwa Pakkiyam. Nyumba hiyo nimeijenga mimi, basi ihesabu ni nyumba ya mama yako. Hakuna haja ya wewe kupelekwa popote. Diwali nitakuja mwenyewe. Mafuta nitawapaka kwa mikono hii, wewe na huyo Nesan ambaye jina lake umenijazia karatasi.

Nimeuza mafuta ya nywele kwa nusu ya bara hili. Sijawahi kumpaka mtu hata tone.

Dada yako,
Pakkiyam


Kuruvimalai
21 Aprili 2003

Dada yangu, mama yangu, nyota yangu,

Nilimsomea Mama Muniyamma ile sehemu ya "kwao Thavamani ni kwa Pakkiyam" mara mbili, ya pili kwa sauti kubwa ili jirani asikie. Akasema, "Aje basi. Atakula nini huyo, wanasema wacheza filamu wanakula majani matupu kama mbuzi." Lakini kesho yake nilimkuta anamwambia mwenzake bombani, "Mkwe wangu ana dada." Sauti yake ilikuwa na sukari.

Mwaka mpya wetu wa Aprili tulisherehekea vizuri. Na filamu yako ya kwanza imefika mjini! Shamba zima tulipanda lori la majani, tumebanana na tunaimba. Ulipotokea kwenye pazia na kikapu tumboni, wanawake wote walipiga kelele, "Kigeuze nyuma, Pakkiyam!" Nililia, Dada. Nesan alinipa kona ya saruni yake nifutie machozi, mbele za watu wote. Mwanamume gani mwingine angefanya hivyo?

Mvua za jioni zimeanza. Mlango wa jikoni umevimba haufungi. Nesan ameuranda, ukafunga siku mbili, ukakataa tena. Tunausukuma kwa bega. Na sikia hii: nyuma ya nyumba, chini kabisa ya ukingo, pametokea chemchemi! Maji safi, baridi, yanatoka ardhini yenyewe mahali palipokuwa pakavu. Wanawake tumepaka jiwe manjano na unga mwekundu wa tika tukaliweka hapo, tumejenga na kizingiti kidogo cha mawe kumpa Mama Mungu mahali pa kukaa. Sasa siendi bombani. Unaona jinsi nyumba yako ilivyobarikiwa?

Naomba kitu, usinione mwenye tamaa. Nitumie picha kubwa, ile ya filamu ya urefu wa mtu. Mstari ule ukutani umepita ukubwa wa kalenda, unachungulia chini ya miguu yako, na Mama mkwe ana macho makali.

Nesan anakusalimu. Anasema akikuona ataogopa kusema, kwa hiyo nimsemee mapema.

Thavamani wako


Ofisi ya Bi Bakya
Chennai
3 Juni 2003

Kwa Bi Thavamani,

Bi Bakya amepokea barua yako na anakushukuru. Picha kubwa yenye sahihi yake imetumwa kwa kifurushi. Wakati wa Diwali watu wa televisheni wataandamana naye kupiga picha za nyumba zilizojengwa na Mfuko wake. Tafadhali nyumba yako ibaki katika hali nzuri, kama ilivyokuwa siku ya ufunguzi, na wakazi wawepo.

Bi Bakya husomewa barua zote za mashabiki wake.

S. Varadan, Katibu


Kuruvimalai
27 Julai 2003

Dada mpenzi,

Katibu wako ameniita shabiki! Nilicheka peke yangu jikoni. Mwambie ni kweli, mimi ndiye shabiki wa kwanza, nilikushabikia tangu unanichapa kwa ufagio.

Picha imefika. Ni kubwa! Nesan alipoitundika alirudi nyuma akainama kukusalimu, halafu akasema, "Mwalimu, sasa nitavuaje shati mbele ya dada yako?" Usiku anazima taa kwanza ndipo avue, na anakuaga: "Lala salama, shemeji." Nampenda mpaka naona aibu kuwa na furaha hivi wakati wengine wana shida zao.

Ufa umefunikwa wote, sasa hata ukitaka kuuona huuoni, ila ukiweka kiganja juu ya picha, kwenye sari yako, unahisi upepo. Kidole changu kinaingia. Sisemi haya kwa kulalamika. Nakwambia kama ndugu, kama ningekwambia mbuzi ana kikohozi.

Ila jirani wamenijia. Mariyayi wa nyumba ya kwanza na wazee wawili walikaa hapa, nikawapa chai. Mariyayi akasema, "Wewe ndiye unayeandikiana naye. Mwambie kuta zinapasuka, atume mtu wa kuangalia."

Nikawaambia, "Nyie, mtu akikupa sari, utamwonyesha uzi uliochomoka kabla hujaivaa mwaka? Diwali anakuja. Ataona mwenyewe."

"Sari haikuangukii kichwani, Thavamani."

Tulicheka wote, hata yeye. Lakini hawakumaliza chai.

Sikutaka useme tumepokea nyumba kwa mkono mmoja na kunyoosha kidole kwa mkono mwingine. Wewe njoo tu. Nimeshaanza kuweka akiba ya mafuta ya ufuta, yale mazuri.

Wako daima,
Thavamani


Chennai
6 Septemba 2003

Thavamani,

Wamenipa tuzo kwa ajili ya nyumba zenu. Jukwaani walionyesha picha kubwa ya nyumba hizo: milango ishirini ya rangi, na mlima kijani nyuma. Watu walisimama wakapiga makofi. Nilikuwa sijala tangu juzi ili gauni lifunge, na taa zilipoelekea kwangu nikashika kiti. Waliandika magazetini kwamba Bakya alishindwa kujizuia kwa machozi ya huruma.

Nikwambie ukweli, mdogo wangu, hapa hakuna mtu anayejua jina langu. Kuna siku jina hilo likiitwa mtaani hata mimi sigeuki. Nina umri wa miaka ishirini na saba na wameanza kuleta wasichana wa miaka kumi na saba kusimama karibu yangu, wanasema ni wadogo zangu kwenye hadithi. Najua mwaka ujao nani atakuwa mama wa nani. Nikirudi chumbani nakaa kitandani na viatu, nasubiri kuchoka vya kutosha nilale. Barua zako nasomewa garini. Nazisikia kama redio ya nyumba ya jirani: watu wanacheka, na mimi siko.

Kitu kimoja tu katika mwaka huu ni changu, nacho ni Diwali yako. Nimewaambia wote, wakinizuia mara hii wanitafutie mwingine. Nitafika tarehe ishirini na tatu, jioni ya kuamkia Diwali. Nitashuka njia panda chini ya shule, nitatazama juu, nitahesabu mpaka mlango wa tatu. Usihamie kokote, usiende kwa mtu yeyote. Nataka nikukute humo humo, kwenye nyumba ya mama yako, na taa ikiwaka.

Pakkiyam


Kuruvimalai
14 Oktoba 2003

Dada,

Mvua, mvua, mvua! Majani ya chai yanang'aa kama yamepakwa siagi, na wachumaji wanarudi ruba wamewajaa miguuni. Mimi niko kazini kwangu, kwenye chumba cha kulelea watoto wa wachumaji, nimekaa na nguo ndogo ndogo zisizokauka. Lakini moyo wangu ni kama wa mtoto anayehesabu siku za shule kufungwa.

Sari yangu ya Diwali ni ya waridi iliyokoza. Nesan amenunuliwa shati na mama yake, halafu kwa siri nami nimemnunulia lingine. Atavaa lipi? Nimemwambia langu ndani, la mama yako juu.

Tumegombana, Dada, kwa mara ya kwanza. Acha nikwambie maana sina mwingine. Watu wa nyumba za juu wameanza kulala shuleni. Wanasema usiku mlima unatoa sauti, kama mtu anayesaga meno. Chemchemi yetu imekuwa ya rangi ya chai ya maziwa, na juma lililopita ilinyamaza kabisa, jiwe la Mama Mungu limeegemea upande. Mama mkwe amehamia shuleni na mikeka yote. Nesan akasema, "Na sisi tushuke. Kwa siku chache tu."

"Dada atatafuta mlango wa tatu."

"Atauliza. Watu watamwonyesha shule."

"Diwali ya kwanza niifanye darasani? Nioge mafuta kwenye sakafu ya shule, watu wote wanatazama, kama mtu asiye na kwao?"

"Mwalimu, ukuta unapitisha mkono."

"Basi shuka wewe! Nenda kwa mama yako, wewe unaye!"

Nililisema hilo, Dada. Alitoka bila kula. Nilimfuata mlangoni, akateleza kwenye udongo akaanguka kifudifudi, nami nikapiga kelele, "Nesan!" Kwa sauti, mbele ya jirani wote waliokuwa wanabeba magodoro! Akainuka uso mzima tope, anatabasamu mpaka masikioni. Akasema, "Rudia." Nikakimbilia ndani nikajificha nyuma ya kabati. Akarudi, akala, akasema, "Kwa sauti ile nitalala hata juu ya jani la mgomba. Tutamngoja dada yako." Halafu akaliburuta kabati akalisimamisha mbele ya picha yako, maana upepo ulikuwa unaizungusha.

Nani duniani amepata mume kama huyu?

Nyumba zote nyingine zina giza usiku. Yetu tu ndiyo yenye taa. Hutaweza kukosea.

Thavamani


Chennai
22 Oktoba 2003

Thavamani,

Toka humo. Kabla hujasoma mbele, toka, usome njiani.

Leo mvua imevunja kazi. Barua yako ya tarehe kumi na nne imefika, nikaifungua mwenyewe kwa sababu sikuwa na la kufanya. Kisha nikaomba nyingine zote, tangu ya Februari, nikaziweka kitandani kwa mpangilio. Sijui katibu aliruka mistari au aliisoma yote na mimi ndiye sikusikia. Kalenda. Halafu picha kubwa. Halafu kabati. Mdogo wangu, uso wangu unaziba nini hapo?

Tulikulia mlima mmoja. Chemchemi ikitokea mahali pakavu, Mama alikuwa anatutoa layini tukalale kwa ndugu. Wewe ulikuwa mdogo, ulilala mgongoni mwangu, hukumbuki. Mimi nakumbuka. Nilikuwa najua, na barua ilisomwa, na gari lilikuwa linakwenda.

Nimepiga simu ofisi ya shamba tangu asubuhi, inalia kidogo inakatika. Nimetuma telegramu. Ndege yangu ni ya tarehe ishirini na tano. Wameniambia wimbo haujakamilika, na mimi niliyeapa kwamba mara hii watanitafutia mwingine, nilisimama pale nikasema sawa. Barua hii nimempa mtu anayepanda ndege ya kesho Colombo.

Nilikuandikia usihame. Nalifuta neno hilo. Kwenu si nyumba hiyo. Mafuta ni mafuta tu, nitakupaka shuleni, nitakupaka barabarani, nitakupaka hata kwenye lori. Mshike Nesan mkono, mwite kwa jina lake, kwa sauti, mshuke.

Dada yako anakuomba.

Pakkiyam


Kuruvimalai
29 Oktoba 2003

Kwa Pakkiyam binti Sellayi,

Anayeandika ni karani. Anayesema ni mimi, Muniyamma, mama yake Nesan.

Telegramu yako na barua yako vimefika leo kwa pamoja. Barabara ilikuwa imefungwa, hakuna aliyeweza kufika.

Mlima ulishuka alfajiri ya Diwali. Nyumba zote ishirini hazipo. Watu walikuwa shuleni, wako salama. Waliokuwa ndani ni wawili tu.

Jioni ile nilipanda kuwachukua. Nilimwambia mkwe wangu, "Mwanangu, shuka. Mafuta nitakupaka mimi. Mimi si mama?" Akanigusa miguu. Akasema, "Mama, ya kwanza hupakwa na upande wa mke. Dada yuko njiani." Nikamgeukia mwanangu. Akasema, "Mama, nimwache peke yake?" Nikashuka. Nilikuwa nimekasirika. Sikugeuka nyuma.

Walipatikana siku ya tatu. Walikuwa pamoja. Unajua marehemu wetu hupakwa mafuta kichwani kabla ya kuondoka, kila mmoja na watu wa upande wake. Upande wa msichana hakukuwa na mtu.

Mafuta niliwapaka mimi, wote wawili.

Karani anasema ofisi yako imeuliza kama mnaweza kutujengea nyingine. Usijenge. Sikulaani, sina nguvu hiyo. Lakini usijenge.

Barua iliyomo humu msichana alimpa dereva wa lori la majani jioni ile. Njia ilipofungwa alibaki nayo mfukoni mwa koti. Ni yako.

Alama ya kidole: Muniyamma


Kuruvimalai
23 Oktoba 2003, jioni

Dada yangu wa pekee,

Nakuandikia ingawa unakuja, maana mikono yangu haitulii! Dereva wa lori ataipeleka posta, ikufike Chennai ukiwa umesharudi, na ukiisoma ucheke kwamba tulikuwa hivi, tumekaa kama watoto tunachungulia dirishani.

Basi la mwisho limepita, hukushuka. Nesan anasema labda umekodi gari. Nikamwambia bila shaka, mtu kama dada yangu apande basi? Mvua imepungua kidogo, naona ni heshima yako.

Nyumba ni safi. Nimechora maua ya unga wa mchele kizingitini, mvua imeyafuta, nimeyachora tena ndani ambako haifiki. Nimekaanga vitamu vya mchele na sukari guru, vile vya Mama Sellayi, na nimevificha kwa sababu kuna mtu humu ndani ana mikono mirefu. Sari yako iko juu ya mto. Ndiyo, nimekununulia na wewe. Si ya hariri, usitarajie, lakini rangi yake ni ya embe bivu. Nilitaka uwe nayo moja ya rangi hiyo ya kuvaa nyumbani, ukiwa umekaa tu, hakuna anayekutazama.

Mama mkwe amepanda kutuita, maskini, na magoti yake yale. Amekasirika. Kesho nitampelekea vitamu vya kwanza, atanisamehe. Unajua aliniambia nini? Kwamba yeye pia ni mama. Nilitaka kulia. Mwaka huu nimekuwa na mama wawili, mimi niliyekuwa sina hata mmoja.

Nesan amelala tayari, mdomo wazi, shati langu ndani na la mama yake juu, hakutaka kungoja asubuhi. Nakaa namtazama. Dada, nikikwambia sitaki kitu kingine duniani, utaniamini? Ukifika usimwamshe kwa ghafla, hushtuka.

Taa iko dirishani. Mlango umevimba sana leo, ukiugonga hautafunguka kwa urahisi, kwa hiyo usigonge, usukume kwa bega, kwa nguvu, kama ulivyokuwa unasukuma wa layini. Nitakuwa macho.

Mafuta nimeyapasha. Nimeyaweka karibu na majivu yasipoe kabla hujafika.

Mdogo wako,
Thavamani